Elektroni Hazionekani, Lakini Swali Linaonekana

Wengi wetu hudhani fizikia ya kwenye skrini ilikuja na tableti. Wapi! Mwaka 1960, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Donald Bitzer na wenzake waliunda PLATO, mfumo wa kompyuta uliompa mwanafunzi somo, ukamuuliza swali, ukangoja jibu. Kufikia miaka ya 1970 skrini zake za rangi ya machungwa zilikuwa zinaguswa kwa kidole. Ila ulitegemea kompyuta kubwa ya bei ghali, kwa hivyo shule ya kawaida ingeusikia tu kwa jirani.

Halafu akaja Carl Wieman. Huyu alishinda Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2001, na angeweza kukaa tu akila sifa zake. Badala yake, 2002 alianzisha PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado: moduli za bure zinazoiga majaribio ya maabara. Katika ile ya umeme, unaunganisha betri, waya na balbu, kisha unaona elektroni zikitembea. Kwenye waya halisi, hata ukodoe macho vipi, hutaziona.

Mwaka 2005, Noah Finkelstein na wenzake walichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi wa chuo: kundi moja lilitumia vifaa halisi, lingine moduli. Baadaye wote wakapewa waya na balbu za kweli. Waliojifunzia kwenye skrini walielewa zaidi, na hata kuunganisha saketi ya kweli waliwashinda wenzao.

Hapa Kenya, tableti za serikali zilianza kufika shuleni 2016, zikaenda kwa watoto wa darasa la kwanza. Mwanafunzi wa sekondari, anayengojwa na karatasi ya tatu ya fizikia katika KCSE, ile ya vitendo, hakuwa kwenye foleni. Na kuna shule ambazo ammita hutoka stoo mtihani ukibisha hodi.

Lakini moduli hizi hupakuliwa mara moja zikatumika bila intaneti. Laptopu moja ya mwalimu inatosha kuanza. Aunganishe balbu mbili zinazofanana kwa mfululizo, kisha kabla ya kubonyeza aulize darasa: ipi itawaka zaidi? Wengi watasema ya kwanza, eti "inakula" umeme kabla haujafika kwa nyingine. Zitawaka sawa. Hapo darasa litaanza kubishana, na fizikia itakuwa imeingia.