Kabla ya Katniss, Nguu Ilikuwa na Mbega

Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Miezi miwili baadaye, tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu Nyerere, zikatolewa kwa mara ya kwanza tuzo za kitaifa za uandishi bunifu zenye jina lake. Serikali ileile iliyoondoa vitabu ilianza kuwatafuta watu wa kuandika vingine. Sasa kijana wa miaka 14 wa Manundu, Korogwe, au Chanika, Handeni, anayetaka kusoma habari za kijana mwenzake aliyekataliwa na wakubwa akapona kwa akili na mikono yake, apewe kitabu gani?

Wengi wamejipatia jibu bila kutusubiri. Wanamjua Katniss wa The Hunger Games, riwaya ya Mmarekani Suzanne Collins ya mwaka 2008: binti aliyefiwa na baba, anayeingia msitu uliokatazwa na upinde wake ili ndugu zake wasife njaa. Hadithi nzuri, wala sioni sababu ya kuwazuia. Kinachoniuma ni kwamba vijana hao wanakaa katika ardhi ya mwindaji mwingine, na hakuna aliyewaambia kwamba habari zake ziliandikwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kitabu ni Habari za Wakilindi, mwandishi ni Abdallah bin Hemedi. Bwana huyu aliishi karibu na Semboja, mtawala wa Mazinde, kando ya njia ya misafara katika wilaya ya Korogwe ya leo, na mambo mengi ya vita vya watoto wa mfalme Kimweri wa Usambara aliyaona kwa macho yake. Sehemu za kitabu zilichapwa na wamisionari wa UMCA kule Magila, Muheza, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mwaka 1962 J.W.T. Allen akakihariri, kikatolewa upya Nairobi.

Kinaanza na mtoto aliyepaswa kufa. Mbega alizaliwa Nguu, milima ambayo zamani ilihesabiwa Handeni na tangu 2002 imo katika wilaya ya Kilindi. Aliota meno ya juu kwanza. Kwa desturi ya wakati ule huyo ni kigego, mtoto wa nuksi, na kigego haachwi akue. Wazazi wake walikuwa na nguvu, wakakataa kumtoa. Walipokufa, ukoo ukamgeukia. Urithi akanyimwa, kila msiba ukawa wake, na watu aliokula nao wakaanza kumwogopa.

Akakimbilia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkuu wa pale. Vijana wakaingia porini kuwinda nguruwe. Porini mtoto wa mkuu akafa. Hapo mwandishi wa riwaya yoyote ya leo angesimama kwa kurasa nyingi: kundi la vijana msituni, maiti ya mwenzao chini, na nyumbani anawasubiri baba mwenye mamlaka ya kuua. Wafanyeje? Kurudi wakajieleze, au kutokomea? Wakatokomea pamoja na Mbega. Hakuna aliyemtupa kigego ili kujiokoa mwenyewe, na mimi naliona hilo kuwa kubwa kuliko ushujaa wote unaofuata.

Kutoka Nguu kwenda Usambara huwezi kuukwepa mto Ruvu, wengine wanauita Pangani, ule unaopita Korogwe. Ng'ambo ya pili wakaishi kwa mbwa na mikuki. Nguruwe walikuwa wakiwamalizia wakulima mashamba. Mbega akawaua, akagawa nyama, naye akapewa vyakula vya shambani. Steven Feierman, mwanahistoria aliyewahoji wazee wa Kishambaa miaka ya 1960, anaiona siri ya hadithi nzima katika mabadilishano hayo: mtu wa pori anapata watu kwa sababu anatoa nyama na kupokea chakula. Nakubaliana naye. Kisha usiku mmoja, akielekea Vuga, huko Usambara, Mbega akaua simba, na wazee wakamfanya mfalme. Cheo cha watawala wa ukoo wake, Wakilindi, kikawa Simba Mwene.

Wapo wanaohoji kama Mbega aliishi kweli. Wanahistoria na waendelee kuvutana. Kwa msomaji kijana, Nguu ya Abdallah bin Hemedi ni nchi ambayo sheria yake inaua watoto, na mtoto mmoja anaishinda.

Yaliyofuata katika vitabu vya Kiswahili yanajulikana. Frederick Johnson na wenzake wakatuletea Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929, kisha Safari za Gulliver. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, akatoa Kusadikika mwaka 1951, nchi ya angani ambamo mwenye fikra njema hufikishwa mahakamani. Mwaka 1991 Kezilahabi akaandika Mzingile, juu ya dunia iliyokwisha kuteketea, lakini si kitabu cha kumpa mtoto wa kidato cha pili peke yake. Ilipokuja Tuzo ya Burt kwa riwaya za vijana, ilitaka zilizoandikwa kwa Kiingereza.

Na ipo hadithi nyingine ya Handeni ambayo bado inasubiri mwandishi. Katika ukame na njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi walichukuliwa utumwani mpaka mashamba ya bonde la Shebelle, Somalia. Wazee wao wanasimulia juu ya Wanakhucha, mwanamke mwenye maono, aliyewatorosha kwa nia ya kuwarudisha kwao. Wakaishia misitu ya mto Juba, wakajenga, wakajilinda, na Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vya 1991 vilipowang'oa tena, baadhi walirudi Handeni wakiwa wakimbizi, kwanza kambi ya Mkuyu, kisha Chogo, ambako serikali iliwapa ardhi na baadaye uraia.

Habari za Wakilindi ichapwe tena, kwa maelezo ambayo mwanafunzi ataelewa, na halmashauri za Kilindi, Handeni na Korogwe ziwe za kwanza kuinunua kwa shule zao. Ya Wanakhucha haina kitabu cha kuchapa upya. Wanaoijua wapo Chogo, na baadhi yao ni wazee sana.