Barua Ndiyo Iliyolipa Nauli

Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliondoka uwanja wa Croydon, London, ikiwa na barua za Afrika ya Mashariki. Njia hiyo mpya haikuishia Nairobi wala Dar es Salaam. Iliishia Mwanza. Barua zilibadilishiwa vyombo mara kadhaa, na zilipofika Khartoum zikapakiwa kwenye ndege ya majini aina ya Short Calcutta, iliyofuata Mto Nile hadi Ziwa Victoria. Abiria hawakuuziwa tiketi ya kupita Khartoum. Kutoka hapo kuelekea kusini, nafasi ilikuwa ya magunia ya posta.

Nianzie hapo, kwa sababu watu wengi wakisimulia historia ya usafiri wa anga wa kwetu huanza na abiria: mabwana wenye kofia za jua, chakula cha vyombo vya fedha, hoteli za kulala njiani. Hayo yalikuwapo. Lakini ukiifuata njia yenyewe, kituo kwa kituo, unakuta kwamba aliyelipia safari alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikuwa amekaa nyumbani kwake, analamba stempu.

Ukisimama ufukweni Kisumu ukatazama Ghuba ya Winam, utaona mara moja kwa nini marubani waliipenda. Maji yamezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, na reli ilikuwa imefika hapo tangu 1901. Mwaka 1932, njia ilipopanuliwa hadi Cape Town, Kisumu ndipo abiria waliposhuka kwenye ndege ya majini na kupanda ya nchi kavu. Iliyofuata ilikuwa Nairobi, kisha Moshi, Dodoma, Mbeya, na kuendelea hadi Rhodesia. Tiketi ya London hadi Cape Town iligharimu pauni 130. Hiyo ilikuwa fedha ya gavana, ya mwenye shamba kubwa, ya mkurugenzi wa mgodi. Na hata kwa nauli ya namna hiyo hesabu za shirika hazikukaa sawa. Tangu lilipoundwa mwaka 1924, serikali ya Uingereza ilikuwa imeliahidi ruzuku ya pauni milioni moja kwa miaka 10, na malipo ya kubeba posta yakawa nguzo yake nyingine.

Mwaka 1937 barua ikaonyesha ubwana wake waziwazi. Serikali ya Uingereza ilianza kusafirisha barua za kwenda makoloni kwa ndege bila ada ya ziada: peni moja na nusu kwa nusu aunsi, basi. Kwa ajili ya mzigo huo Imperial Airways ilikuwa imeagiza ndege kubwa za majini 28 kwa mkupuo, kabla hata ya moja kujaribiwa angani. Ghorofa ya chini walikaa abiria. Ghorofa ya juu, nyuma tu ya rubani, kilikuwa chumba cha posta. Magunia ndiyo yaliyopewa nafasi kwanza.

Njia ya kuanzia Kisumu kwenda kusini ikahamishwa. Ndege sasa zilitoka Kisumu zikakata moja kwa moja hadi Mombasa, zikashuka Dar es Salaam bandarini, zikashuka Lindi kwenye ghuba ambako Mto Lukuledi unaingia baharini, kisha Msumbiji, Beira, hadi Durban. Maji hayahitaji kusawazishwa wala hayageuki tope wakati wa masika, na ndege nzito zilihitaji hilo. Moshi, Dodoma na Mbeya zikaachwa kando ya njia kuu. Lindi, mji ambao leo msafiri wa Dar es Salaam huufikia kwa basi la siku nzima, ukawa kituo kati ya Southampton, Uingereza, na Durban. Sijui mji mwingine wa pwani yetu uliopandishwa hadhi haraka hivyo na kushushwa haraka vilevile.

Kuna mkasa mmoja wa njia hiyo ambao lazima niueleze. Machi 1939, ndege iitwayo Corsair iliondoka Port Bell, Uganda, kuelekea Juba. Chombo cha kuonyesha mwelekeo kilikuwa na hitilafu, rubani akapotea, mafuta yakawa yanakwisha. Akaona mto mwembamba chini, akashuka. Ulikuwa Mto Dungu, karibu na Faradje, katika Kongo ya Wabelgiji. Watu walisalimika, lakini mwamba ulipasua tumbo la ndege. Mafundi wakatumwa kutoka Uingereza, wakaiziba. Julai ikajaribu kuruka, ikagonga mwamba tena. Ndipo wakazi wa eneo hilo walipoingizwa kazini kwa wingi: barabara ikafunguliwa msituni na mto ukazuiwa kwa bwawa, ili maji yapande na ndege ipate nafasi ya kukimbilia. Ilipaa Januari 1940, miezi 10 baada ya kuanguka. Jasho la Wakongo lilifufua ndege ambayo hakuna hata mmoja wao angeuziwa tiketi yake. Jina la rubani aliyeitoa limehifadhiwa, Kelly-Rogers. Majina ya wajenga bwawa hayakuandikwa, nami nahesabu hilo kuwa deni.

Vita vya Pili vya Dunia vikakata njia. Mwaka 1946 likaanza East African Airways, na ndege ndogo sita za kukodi. Mwaka 1950 ndege za majini za Waingereza zilikoma kuja. Mei 1952 jeti ya Comet ikapitia Entebbe ikielekea Johannesburg. Mwaka 1977 East African Airways ikavunjika, kila nchi ikabaki na shirika lake.

Magunia ya barua yalipoisha thamani, nani alichukua nafasi yao? Jibu liko Marekani. Mwaka 1978 serikali ya huko iliacha kupanga nauli na njia, mashirika yakaanza kunyang'anyana wateja. Tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ikaanzisha mpango wa kumhesabia abiria maili alizoruka na kumlipa kwa tiketi za bure. United ikafuata baada ya siku chache. Mwaka 1987 American ikashirikiana na Citibank kutoa kadi: sasa mtu alipata maili kwa kununua mkate. Benki huzinunua maili hizo kwa fedha taslimu kutoka kwa shirika. Kwa mara nyingine, anayelipia kiti ni mtu aliyekaa nyumbani.

Biashara hiyo imekua kiasi gani? Mwaka 2020, korona ilipoziacha ndege uwanjani, United ilikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka dhamana mpango wake wa pointi. Delta nayo ikakopa bilioni 9 kwa njia hiyohiyo. Na tayari tangu 2015 mashirika yote mawili yalikuwa yameacha kuhesabu umbali. Sasa huhesabu fedha uliyolipa. Anayeruka mbali kwa tiketi ya bei nafuu hupata kidogo.

Kwetu pia mipango hii ipo. Kenya Airways ina Asante, Ethiopian ina ShebaMiles, na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Dubai na Guangzhou wanaijua vizuri. Kwao nasema hivi: pointi si akiba. Shirika linaweza kubadilisha thamani yake bila kukuuliza, na mipango mingi huzifuta usipozitumia kwa muda. Fungua akaunti yako wiki hii, soma tarehe ya mwisho wa pointi zako, na kama zinatosha tiketi ya kwenda popote, ikate sasa.