Mashini Inayomfuata Mgonjwa Kitandani

Wengi wenu mmekwisha kuona namna tunavyomchukua mtu aliyevunjika mguu hapa Kanyaruchinya. Akianguka juu ya mawe ya volkano na kushindwa kusimama, vijana huleta chukudu, hutandika godoro juu ya ubao, humlaza, kisha humsukuma polepole katika barabara ya Rutshuru mpaka Goma. Kila gurudumu linapogonga jiwe, mgonjwa hulia. Akifika hospitali huambiwa kwamba kwanza lazima apigwe radio. (Ndivyo tusemavyo sisi, wenzetu wa pwani husema eksirei.) Na chumba cha radio kiko ng'ambo ya ua, basi ainuliwe tena.

Mwaka mmoja nilimsindikiza mama mzee aliyevunjika nyonga. Siku ile aliinuliwa na kulazwa mara sita, nilihesabu. Nikamwuliza mfanya kazi mmoja, «Kwa nini mashini isije kwake?» Akanionyesha mashini yenye magurudumu imesimama pembeni, imefunikwa kitambaa. «Hii ingeweza kuja,» akasema, «lakini magurudumu yake ni madogo, hayavuki ua wetu wa mawe.» Tangu siku ile nimetafuta habari za mashini hizo, zilikotoka na jinsi zilivyotengenezwa, na leo nataka kuwasimulia.

Aliyevumbua miali yenyewe ni Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa chuo kikuu cha Würzburg, Ujerumani, tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mke wake, mifupa ikaonekana na pete kidoleni. Hakutaka kujiwekea haki ya kuuza uvumbuzi wake, na kwa hiyo kila fundi mwenye akili aliweza kuujaribu. Haukupita muda mrefu, mashini zikaanza kusafiri.

Mojawapo ya safari za kwanza ilikuwa hapa hapa Afrika, katika nchi ya Sudani, mwaka 1898. Jeshi la Waingereza lilikuwa likipanda mto Nili kwenda kupigana na Wamahdi, na daktari wa jeshi aitwaye Battersby akapeleka mashini mpaka Abadieh, kando ya mto. Fikirini shida zake! Joto kali, vumbi, tena hakuna umeme. Mashini aliifunga kwa vitambaa vizito vilivyoloweshwa maji, isiharibiwe na joto njiani. Na umeme aliupata kwa baisikeli ya watu wawili: askari walikanyaga, baisikeli ikazungusha dinamo, dinamo ikajaza betri. Baada ya vita vya Omdurman, tarehe 2 Septemba 1898, majeruhi Waingereza walikuwa 121. Kati yao walikuwako 21 ambao madaktari hawakuweza kujua kwa njia za kawaida kama risasi imo mwilini wala iko wapi. Kwa miali ile walijua habari za 20. Majeruhi wa upande wa pili, waliokuwa maelfu, hesabu hiyo haiwataji.

Lakini mtu aliyefanya kazi hii iwe kubwa ni mwanamke, Marie Curie, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1867 na kufanya kazi Ufaransa. Vita Kuu ya kwanza ilipoanza mwaka 1914, aliona kwamba mashini za radio ziko katika hospitali za miji mikubwa, na majeruhi wako mbali, kwenye mahandaki. Kumsafirisha mtu mwenye chuma tumboni kwa siku nzima ni kumwua. Basi akaomba magari kwa matajiri na kwa vyama vya akina mama, akatia ndani ya kila gari dinamo iliyozungushwa na injini ya gari lenyewe, bomba la miali, meza ya kukunja, vioo vya picha na mapazia meusi. Gari likifika, waliingiza nyaya dirishani, wakatia giza chumbani, na baada ya muda mfupi daktari aliona risasi iko wapi. Askari waliyaita magari hayo «Curie wadogo». Yalikuwa kama 20, na pamoja nayo vyumba vya kudumu 200 hivi. Majeruhi waliopimwa walipita milioni moja. Mwenyewe alijifunza kuendesha gari na kubadili tairi. Binti yake Irène alikuwa na miaka 17 alipoanza kumsaidia, na pamoja waliwafundisha wanawake wapata 150 kazi hiyo.

Tazameni alichokifanya mama huyu. Mashini yenyewe ilikuwako tayari. Yeye alianza kwa kuuliza mgonjwa yuko wapi, umeme utatoka wapi, nani atakayeiendesha. Kwa maoni yangu maswali hayo matatu yanatosha hata leo kwa kila anayebuni chombo cha namna hii.

Miali ilidai malipo yake. Wafanya kazi wengi wa mwanzo waliungua mikono. Marie Curie alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu, na Irène mwaka 1956 kwa saratani ya damu, baada ya miaka mingi ya kushughulika na miali ya kila namna. Kwa sababu hiyo mashini ya kutembezwa ina waya mrefu wa kubonyezea, ili mfanya kazi asimame mbali. Ukizidisha umbali mara mbili, nguvu ya miali inayokufikia hupungua kuwa robo. Yeye huvaa pia vazi lenye madini ya risasi. Na katika wodi kuna wagonjwa wengine vitandani, ambao hawana vazi.

Mashini kubwa za siku hizi hubeba betri nzito na mota ya kuzisukuma, na nyingi zina mpini ambao ukiuachia tu, breki hukamata, zisije zikamponda mtu. Kwa upande mwingine, ziko mashini za mkononi zenye kilo tatu na nusu tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya la Dunia lilikubali programu za kompyuta zisome picha za kifua kutafuta kifua kikuu kwa watu wazima, hata pasipo daktari wa picha. Ni habari kubwa kwetu. Tangu mwisho wa 2022 hapa Kanyaruchinya walipiga kambi maelfu ya wakimbizi wa Rutshuru, wamelala karibu karibu chini ya mahema, hata kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025. Mahali kama hapo kikohozi cha mtu mmoja ni cha wote. Na Januari 2025, vita vilipoingia Goma, majeruhi katika hospitali ya CBCA Ndosho walikuwa wengi kupita vitanda. Nani angewabeba wote kuwapeleka chumba kimoja?

Nilirudi hospitali ile ya mama mzee hivi karibuni. Mashini ya magurudumu madogo bado ipo, lakini kitambaa kimeondolewa. Katikati ya ua wamemwaga njia ya saruji, upana wake kama mita moja na nusu, kutoka chumba cha radio mpaka wodi ya wanawake. Wodi ya wanaume bado.