Fumbo Lililofumbuliwa Kilindini

Ndugu askari na polisi mnaotusikiliza Arua na Koboko, wazee wa West Nile waliojiunga na K.A.R. na kupelekwa Burma walivuka bahari iliyojaa hatari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini, ilizamishwa na nyambizi ya Japani. Watu zaidi ya 1,000 wakafa.

Hapo hapo Mombasa, katika shule ya Allidina Visram, Waingereza walikuwa wakinasa simu za upepo za Wajapani tangu 1942. Fumbo la meli za biashara, JN-40, liliwashinda, mpaka mpeleka habari mmoja wa Japani alipoituma taarifa akasahau kutaja mahali meli ilipo. Akairudia nzima, akiongeza alichosahau, kwa ufunguo ule ule! Kosa la uvivu, tuseme. Taarifa mbili zikalinganishwa, na kufikia Novemba fumbo likafumbuliwa. Safari za meli hizo zikasomeka.

Siku hizi habari zikipita kwenye intaneti kwa njia salama, mitambo ya pande mbili hupatana kwanza ufunguo mpya, kisha huutupa mazungumzo yakiisha. Ufunguo wa jana haufungui habari za leo.