Historia Fupi ya Maneno Yanayojificha

Wahenga wetu walisema kuuliza si ujinga. Hawakutuambia, hata hivyo, muulizaji alikute wapi jibu lake. Katika vitabu jambo hilo limeshughulikiwa tangu zamani. Vitabu vingi vya dini vya Kiarabu, vya aina iliyosomwa katika miji ya mwambao, vilikuwa na matini katikati ya ukurasa na ufafanuzi pembezoni, ili jicho la mwanafunzi lisiende mbali. Vitabu vyetu vya Kiswahili vikafuata njia mbili: tanbihi chini ya ukurasa, na sherehe mwishoni mwa kitabu. Aliyewahi kusoma utenzi wa kale anaijua tofauti yake. Tanbihi humjibu msomaji papo hapo. Sherehe humlazimu auache ubeti, afunue kurasa za nyuma, alitafute neno, kisha arudi akiwa amekwisha kusahau alikuwa wapi.

Nimeyatanguliza hayo kwa sababu ninataka kuzungumzia kitu kidogo ambacho wengi wetu hukiona kila siku bila ya kukipa jina. Ni kile kijisanduku cha maneno kinachotokea kwenye kioo cha kompyuta mtu anapokiweka kishale juu ya kitufe bila ya kukibofya. Hapa nitakiita kidokezo. Ndugu yake mkubwa, ambaye huweza kubeba kichwa cha habari, aya nzima, hata vitufe vyake mwenyewe, nitamwita kisanduku ibukizi. Kwa miaka kadhaa sehemu ya kazi yangu imekuwa ni kuviongeza vitu hivi viwili katika programu za wavuti. Kadiri ninavyovitazama ndivyo ninavyoamini kwamba historia yake ni historia ya swali moja tu: ni nani anayeweza kulifikia jibu?

Mwanzo wake ni kipanya. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mkutano wa wataalamu wa kompyuta mjini San Francisco, Douglas Engelbart alikionyesha hadharani kifaa hicho ambacho yeye na wenzake walikuwa wamekibuni. Kipanya kilileta hali mpya baina ya mtu na mashine. Mtu aliweza kukielekea kitu bila ya kukichagua, kama mteja sokoni anayekinyooshea kidole kitambaa kabla ya kusema kwamba anakinunua. Hapo katikati, baina ya kunyoosha kidole na kununua, ndipo kidokezo kilipokuja kupata makao yake.

Haja yenyewe ililetwa na picha. Kompyuta ya Star ya kampuni ya Xerox, iliyotolewa mwaka 1981, na Macintosh ya Apple, iliyotolewa mwaka 1984, ziliweka mbele ya watumiaji picha ndogo ndogo za makaratasi na majalada. Picha hupendeza, nayo haihitaji nafasi kubwa. Lakini picha haijielezi. Mkasi waweza kuwa ni kukata maneno, waweza kuwa ni kukata picha. Kadiri programu zilivyoongezewa kazi, ndivyo safu za vitufe zilivyojaa picha ambazo maana yake ilijulikana na aliyezichora tu.

Mwaka 1991 Apple walitoa mfumo wao uitwao System 7, na ndani yake mlikuwa na msaada walioupa jina la Balloon Help. Mtumiaji aliuwasha kutoka kwenye menyu, na tangu hapo kila alichokielekea kilitoa puto la maneno, mfano wa yale yanayotoka vinywani mwa watu katika katuni za magazetini. Nia ilikuwa njema, na maelezo yenyewe yalikuwa ya kutosha. Kasoro ilikuwa ni wingi. Ukishauwasha msaada ule, kishale hakikuweza kukatiza kioo bila ya maputo kuchomoza njiani, na mtu alitamani kuuzima kabla hajajifunza alichokitaka. Mwalimu anayejibu maswali ambayo hayajaulizwa huchosha darasa.

Microsoft walikwenda njia nyingine. Katika programu zao za ofisi za mwaka 1993, na kisha katika Windows 95, kidokezo kilikuwa ni jina fupi tu la kitufe, katika kijisanduku chembamba. Busara yake kubwa ilikuwa katika kusubiri. Kwa kawaida kijisanduku hakikutokea mpaka kishale kitulie kwa nusu sekunde hivi. Anayepita hakusumbuliwa; anayesita alijibiwa. Nusu sekunde ile, kwa maoni yangu, ni moja ya adabu bora zilizowahi kutiwa ndani ya kompyuta.

Lakini adabu ile ilikuwa na mpaka wake. Kidokezo kilichotokea kilikaa sekunde 5, kisha kikatoweka chenyewe. Sekunde hizo zamtosha msomaji mwepesi anayesoma maneno mawili ya lugha yake. Hazimtoshi mzee mwenye macho mazito, wala karani anayesoma Kiingereza cha kujifunzia shuleni, neno baada ya neno. Na wakati ule karibu programu zote zilizotufikia zilizungumza lugha za wengine. Mwaka 2004 tu ndipo timu iliyofanya kazi pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Wavuti nao ulikuwa na kidokezo chake. Kanuni za HTML 4 za mwaka 1997 ziliruhusu karibu kila sehemu ya ukurasa ipewe sifa iitwayo title, na vivinjari vikawa vinayaonyesha maneno yake kishale kikitulia. Ilikuwa rahisi mno: mwandishi wa ukurasa aliongeza maneno machache ndani ya alama zake, akamaliza. Urahisi huo ukawa mtego. Maneno yale yalimtegemea mwenye kipanya. Aliyetembea kwenye ukurasa kwa kibodi kwa kawaida hakuyaona, na asiyeona, anayesomewa ukurasa na programu ya sauti, aliyasikia au hakuyasikia kutegemea programu aliyokuwa nayo.

Kisha ikaja simu. Tangu iPhone ilipoanza kuuzwa mwaka 2007, na simu nyingine za kugusa zilipoifuata, watu wengi wamekuwa wakiingia kwenye wavuti kwa kidole, na kidole hakielei juu ya kitufe. Ama kimegusa, ama hakikugusa. Ile hali ya katikati iliyoletwa na kipanya ikatoweka, na pamoja nayo makao ya kidokezo. Kwetu Afrika Mashariki, ambako kwa watu wengi simu ndiyo kompyuta ya kwanza na ya pekee, jambo hili si dogo.

Nitatoa mfano mmoja. Niliwahi kuitwa kusaidia kuirekebisha programu ya chama kimoja cha kuweka na kukopa. Katika fomu ya mkopo mliandikwa "riba bapa", na kando yake alama ya kuuliza. Maana ya maneno hayo ilikuwa imewekwa katika kidokezo cha kipanya. Wanachama wengi walitumia simu. Waliigusa alama ile, wala hakikutokea kitu, nao wakaendelea kujaza fomu.

Ebu tupige hesabu. Mtu amekopa shilingi 1,200,000 kwa miezi 12, kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi. Ikiwa riba ni bapa, hutozwa kila mwezi juu ya mkopo wote wa mwanzo: shilingi 18,000 kila mwezi, jumla 216,000. Ikiwa riba inatozwa juu ya salio, naye anarudisha 100,000 za mkopo kila mwezi, riba yote huwa shilingi 117,000. Tofauti ni shilingi 99,000. Hiyo ni fedha ya mtu, na ufafanuzi wake ulikuwa umefichwa mahali ambapo kidole hakifiki. Tuliyatoa maneno yale kijisandukuni, tukayaandika waziwazi chini ya sehemu ya riba, pamoja na mfano wa hesabu. Fomu ikawa ndefu kidogo. Sikumsikia mtu akilalamika kwa ajili hiyo.

Kisanduku ibukizi kilikuwa jawabu la nusu kwa matatizo haya. Mwaka 2011 watengenezaji wawili wa Twitter, Mark Otto na Jacob Thornton, waliwatolea watu wote Bootstrap, mkusanyiko wa vipande vya kujengea kurasa. Ndani yake mlikuwa na kidokezo, ambacho mwanzoni kiliitwa kwa utani twipsy, na kisanduku ibukizi pia. Ghafla mtengenezaji yeyote, hata wa mji mdogo, aliweza kuvitia katika kazi yake kwa mistari michache. Na kwa kuwa kisanduku ibukizi chaweza kufunguliwa kwa kubofya, kidole nacho kiliweza kukifungua. Kilichobaki ni ufundi: visanduku vilivyokatwa na kingo za sehemu vilimokaa, au vilivyojificha nyuma ya vitu vingine vya ukurasa. Nimetumia jioni nyingi kuvitafuta visanduku vya namna hiyo.

Sheria za adabu ziliandikwa baadaye. Mwongozo wa W3C wa mwaka 2018, toleo la 2.1, unadai mambo matatu kwa maneno yanayotokea kwa kuelekewa na kishale au kufikiwa kwa kibodi. La kwanza, msomaji aweze kuyaondoa bila ya kukihamisha kishale chake. La pili, aweze kukipeleka kishale juu ya maneno yenyewe bila ya kuyapoteza. La tatu, yasitoweke mpaka yeye mwenyewe ayaondoe au aondoke, au mpaka yawe hayana maana tena. Sekunde 5 za zamani hazina nafasi katika sheria hiyo.

Vivinjari vyenyewe vimefuata. Katika miaka ya 2023 na 2024, Chrome, Safari na Firefox vilianza kuikubali sifa mpya ya HTML iitwayo popover. Kisanduku chenye sifa hiyo hupandishwa juu ya kila kitu kwenye ukurasa, na kwa kawaida hufungwa kwa kubofya nje yake au kwa kitufe cha Esc. Kazi iliyokuwa ikihitaji mamia ya mistari ya programu sasa hufanywa na kivinjari.

Hata hivyo, kivinjari hakitatuchagulia maneno ya kuweka ndani. Mimi hujiwekea kanuni mbili. Kidokezo kibebe jina la kitufe, au jambo ambalo mtu aweza kumaliza kazi yake salama bila ya kulijua. Kisanduku ibukizi kibebe maelezo ya anayetaka kujua zaidi, nacho kifunguke kwa kishale, kwa kibodi na kwa kidole. Neno linaloamua fedha, afya au haki ya mtu halina kazi katika kimojawapo cha hivyo. Mahali pake ni ukurasani, penye mwanga, ambapo hata asiyejua kwamba ana swali atalisoma.