Kirungu na Moba: mji uliojengwa na watu waliokuja



Anayefika Moba kwa njia ya ziwa hushukia bandarini, chini kabisa, kwenye mchanga na mitumbwi ya wavuvi. Kisha huanza kupanda. Huko juu, kwenye uwanda wenye upepo wa baridi, ndiko iliko Kirungu, misioni ya zamani. Akigeuka nyuma anaona Tanganika yote imetandazwa, na ng'ambo ya maji ni Tanzania. Mpaka wetu wa mashariki hauna ukuta wala jiwe. Umepita katikati ya ziwa, mahali ambapo samaki hawaujui. Kusini, si mbali sana, ni Zambia.

Mji mdogo ulio karibu na mpaka hupokea watu wengi kuliko unavyoweza kuwahesabu, na mara nyingi husahau kwamba uliwapokea. Ndiyo sababu tumetaka kuwasimulia habari za mji huu tangu mwanzo wake, pamoja na zile kurasa ambazo sisi walimu wa dini tumezoea kuziruka.

Mwanzo wake hauko Kirungu, bali Mpala, kwenye pwani hiyohiyo, upande wa kaskazini. Mei 1883 afisa Mbelgiji Emile Storms alijenga boma hapo kwa niaba ya chama cha Mfalme Leopold wa Pili. Wakati huo misafara ya wafanyabiashara wa watumwa na pembe ilikuwa imekwisha kuvuka ziwa kutoka Ujiji, na baadhi ya machifu wa Watabwa walikuwa wamejiingiza katika biashara hiyo. Mmoja wao aliitwa Lusinga. Aliwashambulia majirani, akawauza watu, akapata bunduki. Hatumtetei. Lakini Storms naye alitaka kuwa mkubwa wa nchi hiyo, na wakubwa wawili hawakutoshea. Desemba 1884 watu wa Storms waliingia katika kijiji cha Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa, wakawachukua mateka watu wake. Fuvu lile Storms alikwenda nalo Ubelgiji, pamoja na mafuvu ya machifu wengine wawili na sanamu ya mababu iliyokuwa ya Lusinga. Sanamu iko katika jumba la makumbusho la Tervuren. Fuvu liliishia katika taasisi ya elimu ya viumbe mjini Brussels, ndani ya sanduku, na wengi wa nchi hiyo hawakulisikia tena mpaka mwaka 2018, mwandishi wa habari Mbelgiji alipolizungumzia hadharani. Miaka minne baadaye sanamu ya Storms iliondolewa katika kiwanja kimoja cha Brussels.

Mwaka 1885 Leopold alipogeuzia macho upande wa mto Kongo, boma la Mpala lilikabidhiwa kwa Mapadri Weupe wa Kadinali Lavigerie. Kwa hiyo misioni yetu ya kwanza katika pwani hii ilianzia ndani ya kuta za boma lililojengwa kwa ajili ya utawala. Jambo hili tulijue bila kutahayari na bila kulipamba.

Na watu walioijaza misioni ile walikuwa akina nani? Wengi wao hawakuwa wenyeji. Walikuwa watoto na vijana waliokombolewa kutoka kwenye misafara, mapadri wakitoa vitambaa na bidhaa nyingine ili kuwapata. Walitoka bara la mbali, makabila mbalimbali, na baadhi yao walikuwa wadogo mno hata wasiweze kutaja kijiji cha mama zao. Walilelewa pamoja, wakaoana, wakapewa mashamba. Wakimbizi wa vita nao walikuja kutafuta kivuli. Padri alikuwa mwalimu wao, na pia mkuu wao wa kijiji na hakimu wao. Adhabu zilikuwa kali, na si kila aliyeingia misioni aliona ameingia mahali pa uhuru.

Lugha iliyowaunganisha watu hawa ilikuwa Kiswahili. Hapa inafaa tusimame kidogo. Kiswahili kilivuka ziwa mdomoni mwa wenye misafara, wale wale waliowafunga watu kamba. Mtoto aliyekombolewa alikuwa amekisikia kwanza kama sauti ya kuamriwa atembee. Miaka michache baadaye alifundishwa Baba Yetu kwa maneno ya lugha hiyohiyo. Sisi tunaofundisha katekisimu kwa Kiswahili mpaka leo hatupati nafasi nyingi za kulifikiri jambo hili, na pengine tungepaswa.

Mwaka 1887 alifika Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, ili kuwalinda watu wa misioni dhidi ya wauza watumwa. Alikaa Mrumbi, kati ya Mpala na Moba ya leo, akapigana miaka kadhaa akiwa na msaada mdogo sana. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, binti wa nchi hiyo. Wazungu wengi wa wakati ule walikuwa na wanawake Waafrika. Joubert alifunga ndoa kanisani, akabaki. Hakurudi Ulaya tena. Alikufa mwaka 1927 karibu na Moba, mzee, macho yakiwa yamefifia. Vitabu vimeandika mengi juu ya bunduki zake na machache mno juu ya Atakaye, ambaye ndiye aliyemfanya awe mtu wa hapo.

Kirungu yenyewe ilianzishwa mwaka 1893 na Padri Victor Roelens, ambaye baadaye alikuwa askofu. Aliiita Baudouinville, kwa jina la mwanamfalme wa Ubelgiji aliyekuwa amekufa akiwa kijana. Mji ukachukua jina la mtu ambaye hakuwahi kuuona. Humo, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze, aliyezaliwa upande wa Mpala, alipewa upadri, naye ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Miaka saba kabla ya hapo, akiwa bado mseminari, maandishi yake juu ya fikra za Wabantu yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kwa Kifaransa. Kijana wa pwani hiyo aliwaeleza Wabelgiji namna watu wake wanavyofikiri, wakati ambapo wengi wao waliuliza kama wanafikiri.

Yaliyofuata tutayapitia upesi. Novemba 1984 waasi waliovuka ziwa waliuteka mji kwa muda mfupi, wakarudi tena Juni 1985. Jeshi lilipowafukuza, raia ndio walioteswa. Vita vilivyoanza mwaka 1998 viliwasukuma maelfu kukimbilia Zambia, katika kambi kama Kala na Mwange. Mwaka 2007 walianza kurudi kwa meli kutoka Mpulungu, wakishukia bandari ileile. Mwezi wa Agosti mwaka huo ulienea uvumi kwamba Wanyamulenge wataletwa Moba kwa siri. Umati ulizishambulia ofisi za Umoja wa Mataifa, watu wakajeruhiwa. Kelele zilikuwa: hatutaki wageni.

Kelele hizo zilipigwa chini ya mlima uliojaa wajukuu wa watoto waliokombolewa, wasiojua kijiji cha mababu zao, wakati meli zilikuwa bado zinaleta nyumbani watoto waliozaliwa kambini, ambao Moba walikuwa hawajaiona.

Kabla ya mkutano ujao wa kikundi, parokiani kwenu, kila mmoja aulize nyumbani: wazee wetu walifika hapa kutoka wapi, na nani aliyewapokea? Mwandike majibu katika daftari moja, hata yale ambayo wazee watayasema kwa sauti ya chini.