Dhana ya Ambivalensi katika Historia ya Karafuu Kisiwani Pemba: Mtazamo kutoka Wesha

Neno la Kiingereza "ambivalence" hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa hisia mseto, hisia kinzani au mchanganyiko wa hisia. Insha hii inachunguza maana ya dhana hiyo, kisha inaipima kwa historia ya karafuu kisiwani Pemba. Hoja yake kuu ni kwamba moyo uliogawanyika wa mkulima wa Pemba mbele ya zao lake ulitokana na nafasi aliyowekwa na historia, wala haukuwa dalili ya unafiki.

Istilahi yenyewe haina umri mkubwa. Iliundwa mwaka 1910 na Eugen Bleuler, daktari wa maradhi ya akili wa Uswisi, kwa kuunganisha mizizi ya Kilatini yenye maana ya "pande mbili" na "nguvu". Bleuler aliigawa katika matapo matatu: ya hisia, ya utashi na ya fikra. Sigmund Freud aliieneza alipoeleza namna upendo na chuki vinavyoweza kumwelekea mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1963 Robert Merton na Elinor Barber waliitoa dhana hiyo katika nafsi ya mtu mmoja na kuipeleka katika jamii. Kwao, mkinzano wa hisia unaweza kuzalishwa na nafasi ya kijamii inayomdai mtu mambo mawili yasiyopatana.

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayoikaribia dhana hii, lakini kila moja lina mpaka wake. Mashaka huhusu ujuzi: mwenye mashaka hajui lipi la kweli. Uvuguvugu ni upungufu wa hisia, ilhali ambivalensi ni wingi wake. Kukubali shingo upande ni sifa ya tendo, kwani mtu hutenda asilolipenda. Undumakuwili, uliotokana na nyoka anayedhaniwa kuuma kwa ncha zote mbili, ni hukumu ya kimaadili juu ya mtu mdanganyifu. Methali ndiyo inayosogea karibu zaidi. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa" huweka chuki na uhitaji katika kauli moja, bila kimoja kukifuta kingine. Ingawa methali hiyo imebeba dharau kwa jamii nzima ya watu, ni ushahidi wa kihistoria wa uhusiano wa watu waliotegemeana huku wakishutumiana.

Wesha ni mahali panapofaa kuutazamia uhusiano wa aina hiyo. Bandari hiyo iko magharibi ya mji wa Chake Chake, ambako ghuba ina maji machache na vyombo vikubwa haviwezi kuufikia mji wenyewe. Nyuma yake ni vilima vya mikarafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangamiza sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba iliathirika kidogo, na tangu hapo ikawa mzalishaji mkuu. Neema hiyo ilikuwa na gharama. Upanuzi wa mashamba uliongeza haja ya watumwa, na hata baada ya mkataba wa 1873 kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, wengine waliendelea kuingizwa Pemba kwa siri. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, mti uliokuwa alama ya kifungo ukawa kwa wengi njia ya kupata ujira. Aidha, tofauti na Unguja, Wapemba wengi wa kawaida walimiliki mikarafuu yao wenyewe. Hivyo mkinzano huu haukubaki kwa matajiri na vibarua pekee.

Katika miaka ya 1930 mkinzano ulidhihirika katika madeni. Wakulima wengi walikuwa wamekopa kwa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, ambao pia walikuwa wanunuzi wao. Sheria ya 1937 ilipoipa Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu mamlaka ya ununuzi, wafanyabiashara hao waliisusia karafuu, na India ikawaunga mkono hadi mapatano ya 1938. Aliyelaumiwa kwa kumnyonya mkulima ndiye pia ambaye kutokuwepo kwake kulimtia mkulima hasara.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 dola ilichukua nafasi ya mnunuzi pekee. Mkulima alilipwa sehemu ndogo ya bei ya soko la dunia, na tofauti ikaingia katika hazina ya serikali. Hata hivyo, fedha hizo za karafuu ziligharimia elimu bila malipo, matibabu na nyumba za maendeleo. Mzazi yule yule aliyenung'unikia bei kituoni alimwona mwanawe akienda skuli bila ada. Baadhi ya wakulima walipeleka sehemu ya mavuno Kenya kwa magendo na kuiuzia serikali iliyobaki. Sheria iliita tendo hilo uhalifu, na mdomo wa watu uliweza kuliita undumakuwili. Uchambuzi wa kihistoria hauna budi kuuliza zaidi: mtu anayedaiwa utiifu na mlezi wake, huku mlezi huyo huyo akimpunja, angekuwa na moyo mmoja kwa njia gani?

Kwa kuhitimisha, thamani ya dhana ya ambivalensi kwa mwanahistoria wa Pemba ni kwamba inatenganisha mambo mawili yanayochanganywa kwa urahisi. Mnafiki huonesha hisia asiyokuwa nayo. Mwenye hisia kinzani anazo zote mbili, na zote ni za kweli. Anayesoma historia ya mikarafuu iliyo nyuma ya Wesha kwa jicho la utiifu na usaliti pekee ataona watu wasioaminika. Anayezingatia nafasi waliyokuwamo ataona watu waliopewa riziki na dhuluma kwa mkono mmoja, wakajibu vyote viwili.